Chapati, mandazi, mkate: kweli ngano ndiyo inachokoza tumbo la IBS au tunaionea?

KijanaWandegeya
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Naomba msaada kwa wanaojua au waliopitia hii kitu. Mwaka jana nilipata kuhara kubaya, nikatibiwa kuhara kukaisha, lakini tumbo halijawahi kurudi vile lilikuwa. Linajaa gesi, linakata hapa chini ya kitovu, nikienda choo linatulia, siku zingine choo ni maji siku zingine kimekwama kabisa. Nimepimwa minyoo na ameba hakuna, ile bakteria ya vidonda vya tumbo hakuna, sukari iko sawa. Daktari akasema ni IBS, yaani utumbo unaochokozeka kirahisi bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo, akaniandikia dawa ya kulegeza mkazo wa tumbo na kuniambia nipunguze mawazo, basi nikatoka. Sasa kazini kuna dada ananiambia adui ni ngano, niache chapati, mkate, mandazi, sambusa, kila kitu, wiki mbili nitakuwa mtu mpya. Mimi jamani naishi kwa chapati. Asubuhi chai ya maziwa na chapati, mchana kikomando, yaani chapati na maharagwe, usiku nikitoka kazini nimechoka ni rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, pale kando ya barabara. Nikiacha ngano nitakula nini Kampala hii? Na ni ukweli au ni maneno ya TikTok tu?

AfyaBilaNgano
Ndugu huyo dada amekwambia ukweli mtupu. Acha leo usisubiri kesho. Ngano ya siku hizi si ile waliyokula mababu, imechezewa, glutini ni gundi inaganda kwenye utumbo, mimi niliacha na gesi ikaisha, ngozi ikawa safi, hata usingizi ukarudi. Madaktari hawatakwambia kwa sababu hawauzi dawa kwa mtu asiyeumwa. Kula matoke, muhogo, kalo (ugali wa wimbi), viazi. Mwafrika hakuumbwa kula ngano.

DerevaWaElegu
Sasa AfyaBilaNgano sisi tunaoendesha trela kutoka Malaba mpaka Elegu tutakula matoke wapi saa nane usiku? Chapo ndiyo iko. Na mi nakula chapo tatu na tumbo iko poa kabisa, kinachoniuaga ni maharagwe ya Tororo hapo. Yaani turnboy wangu anafungua dirisha bila kuulizwa.

BiMkubwaOldKampala
Dereva wewe hunaga haya 😂 Mwanangu KijanaWandegeya pole sana. Mimi tatizo kama lako nimeishi nalo tangu watoto wangu wakiwa wadogo na sasa nina wajukuu. Ngano nimeiacha nikairudia nikaiacha tena, na ninachoweza kukwambia ni kwamba mkate wa mayai kidogo na chai ya rangi haunifanyi kitu, lakini sambusa na kababu za futari zinanilaza chini. Zote zina ngano. Kwa hiyo mimi siamini kuwa ni ngano peke yake. Wanaojua watueleze.

NesiWaZamu
Nimetoka zamu sasa hivi, ngoja niandike kirefu maana hii mada inanikera, kila wiki napata mtu aliyeacha nusu ya chakula duniani na bado anaumwa.

Kwanza KijanaWandegeya unachoeleza kinafanana kabisa na IBS inayoanza baada ya maambukizi ya tumbo, karibu mtu mmoja katika kumi anayepata kuhara kubaya anabaki nayo. Si uchawi na wala haiko kichwani mwako. Vigezo wanavyotumia madaktari, vile vya Roma vya mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki ndani ya miezi mitatu, yenye angalau mawili kati ya haya, yanahusiana na kwenda choo, yanakuja na mabadiliko ya mara unazokwenda, au yanakuja na mabadiliko ya choo chenyewe, na tatizo liwe limeanza angalau miezi sita nyuma. Umo humo.

Sasa ngano. Ndani ya punje ya ngano kuna vitu vingi, na watu wakisema ngano wanamaanisha glutini, ambayo ni protini. Lakini humo humo kuna kitu kingine kinaitwa fruktani, hiyo ni wanga, sukari zimeungana mnyororo, na binadamu hana kimeng'enya cha kuikata. Si wewe tu, hata Dereva hapo na chapo zake tatu hana. Inapita nzima nzima mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanaishambulia wanatoa gesi. Nottingham kule Uingereza waliwapa watu inulini, ambayo ni fruktani, wakawapiga picha kwa mashine ya MRI wakaiona gesi inavyojaa. Na kitu kilichonishangaza mimi ni kwamba wenye IBS na watu wasio nayo gesi yao ilikuwa karibu sawa, ila wenye IBS ndio walioumwa. Yaani utumbo wako unaisikia ile gesi kwa sauti kubwa kuliko wa jirani yako, shida yenyewe iko hapo.

Na fruktani haiko kwenye ngano tu. Iko kwenye kitunguu maji kwa wingi, iko kwenye kitunguu saumu kwa wingi zaidi. Bi Mkubwa ukiangalia hizo sambusa na kababu zako ndani zimejaa nini?

BiMkubwaOldKampala
Vitunguu 🙆🏾‍♀️ Kilo nzima nakatakata.

AfyaBilaNgano
Nesi na heshima zote, utafiti upo unaoonyesha glutini inaumiza watu wa IBS hata wasio na siliaki, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuchokozwa na glutini. Usitufiche.

NesiWaZamu
Upo na sifichi, tena ni mzuri, ulitoka Melbourne Australia mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Monash. Watu 34, wengine wakapewa mkate na keki zenye glutini wengine zisizo nayo bila kujua, na waliokula glutini ndio wengi walisema hali haijatulia, asilimia 68 kwa 40. Dunia nzima ikashangilia, maduka yakaanza kuuza biskuti bila glutini bei mara tatu.

Ila ndugu yangu watu wale wale wa Melbourne hawakuishia hapo, na sehemu hii TikTok hawaisemi. Mwaka 2013 walichukua watu 37 waliokuwa wanaamini glutini inawaumiza, kwanza wakawaondolea vyakula vyote vinavyochacha tumboni, fruktani na ndugu zake, kwa wiki mbili. Wote wakapata nafuu. Halafu ndio wakawarudishia glutini kwa siri, wengine nyingi, wengine kidogo, wengine protini ya maziwa badala yake. Kilichotokea ni kwamba watu waliumwa karibu sawa bila kujali walipewa nini, waliojibu glutini yenyewe walikuwa asilimia 8 tu.

Oslo Norway nao 2018 wakaja na njia safi zaidi. Watu 59 walioacha glutini kwa hiari yao na hawana siliaki, kila mmoja akala aina tatu za vipande vya muesli, wiki moja moja, kimoja kina glutini, kimoja kina fruktani, kimoja hakina kitu. Fruktani ndiyo iliyowaumiza zaidi. Kwa glutini, wastani wa dalili zao haukutofautiana na wa kile kisicho na kitu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ngano inaweza kuongeza dalili za IBS, watu hawadanganyi wanaposema chapati inawaumiza. Lakini mara nyingi anayeumiza ni fruktani, na hiyo inabadilisha kabisa unachotakiwa kufanya. Ukiacha ngano halafu unaendelea na supu ya vitunguu na maharagwe, umefanya kama polisi aliyemshusha kondakta akaacha mwizi aendelee na safari ndani ya taksi.

MkulimaSebei
Nataka kuweka neno kuhusu hiyo ya ngano kuchezewa. Sisi huku Kapchorwa na Bukwo tunalima ngano miaka na miaka, mbegu ni za kuchagua na kuzalishana kama mahindi au ng'ombe tu. Ngano nyingi mnayokula Kampala inatoka nje kwa meli lakini hata yetu ya mlimani ina hiyo fruktani, iko ndani ya punje haikuletwa na mtu. Watu wanakuja kuninunulia wakisema eti ya kienyeji haina shida kwa tumbo. Mi nawauzia, lakini siwadanganyi.

DerevaWaElegu
Mkulima unauza ukweli na unga kwa pamoja 😂

MpishiKisenyi
Mimi napika, nina kibanda. Nesi naomba unieleze, je chapati na mkate na mandazi zote ziko sawa? Maana kuna wateja wananiambia mandazi yanawasumbua chapati hapana, wengine kinyume.

NesiWaZamu
Swali zuri mpishi. Unga ni ule ule ila vitu viwili vinabadilisha. Kwanza kuchacha. Hamira ikipata muda mrefu inakula sehemu ya fruktani, ndiyo maana ile mikate ya kizamani inayoumuliwa kwa chachu usiku kucha huwa na fruktani kidogo kuliko mkate wa haraka wa kiwandani. Chapati haichachi kabisa, unakanda, unapumzisha, unachoma, fruktani yote imebaki. Pili mafuta. Mafuta mengi yanachochea utumbo kujikaza hata kama unga ungekuwa wa mchele, na mandazi yanaogelea. Kwa hiyo wateja wako wote wanaweza kuwa sahihi.

Halafu kipimo, jamani, kipimo. Kipande kimoja cha mkate wa ngano wengi wenye IBS wanakihimili. Viwili vitatu, fruktani inapita mstari. Chapati moja nene ya Kampala ni unga mwingi kuliko kipande cha mkate, na hakuna mtu humu anayekula moja.

MwalimuJinja
Samahani naingilia. Naona hesabu ya KijanaWandegeya haijafanywa na mtu. Asubuhi chai ya maziwa, hiyo ni laktosi, sukari ya maziwa, na watu wazima wengi huku kwetu uwezo wa kusaga laktosi umeshapungua isipokuwa jamii za wafugaji, Wahima wa Ankole kwa mfano wengi wao wanaendelea nao. Pamoja na chapati, fruktani. Mchana kikomando, chapati juu ya maharagwe, na maharagwe yana sukari zake nyingine zisizosagika. Usiku rolex, chapati tena, mayai hayana shida, lakini vitunguu, na kabichi, na mafuta. Kijana wewe siku nzima huna mlo hata mmoja ambao tumbo lako linapumzika. Halafu lawama zote kwa ngano?

KijanaWandegeya
Mwalimu umeniumbua hadharani 😭 Lakini ni kweli sikuwahi kufikiria hivyo. Sasa inamaanisha niache vyote? Maana hapo nimebaki na mayai na maji.

AfyaBilaNgano
Mnamzungusha kijana. Aache ngano, ataona mwenyewe. Mimi sikuhitaji Oslo.

NesiWaZamu
AfyaBilaNgano mimi sikatai kwamba ulipona, nakataa kwamba unajua ulipona kwa sababu ya nini. Ulipoacha ngano uliacha na rolex, yaani vitunguu, mafuta, kula usiku wa manane. Ukaanza kupika nyumbani. Ukaanza kulala. Vyote vinasaidia IBS. Hamilton kule Canada mwaka 2025 walitoa matokeo ya watu 28 wenye IBS waliokuwa na uhakika glutini inawadhuru, wakawapa vipande vya nafaka, kimoja chenye ngano nzima, kimoja glutini tupu, kimoja cha bandia. Walioumia kwa kile cha bandia walikaribia idadi ya walioumia kwa ngano. Hofu peke yake inakaza utumbo, na hiyo si dharau kwa mtu, mishipa ya ubongo na tumbo inaongea kweli kweli. Tena walipoambiwa majibu yao, wengi hawakubadilisha msimamo, waliendelea kuiogopa glutini vile vile. Sishangai, mtu aliyeumwa miaka akapata kitu cha kushika hakiachii kirahisi.

Na ili nisionekane naegemea upande mmoja: Leuven Ubelgiji 2021 walidunga kwa sindano kiasi kidogo sana cha ngano, soya, maziwa na glutini moja kwa moja kwenye ukuta wa utumbo wa watu 12 wenye IBS, na wote 12 walionyesha kujibu angalau kimoja, wakati kwa watu 8 wasio na IBS ni wawili tu. Nadharia yao ni kwamba baada ya maambukizi, kinga ya pale pale kwenye utumbo inajifunza kukichukia chakula kilichokuwepo wakati wa ugonjwa, na kipimo cha aleji cha damu hakiwezi kukuonyesha. Kijana wewe ulianza baada ya kuhara, kwa hiyo wewe hasa siwezi kukwambia ngano haina hatia kabisa. Ninachosema ipimwe vizuri.

BiMkubwaOldKampala
Nesi kabla hajaacha, kuna jambo la siliaki umeligusa ukaliacha. Mume wa binti yangu alihangaika sana. Aliacha ngano kwa ushauri wa majirani, akapata nafuu, halafu kliniki moja wakampima damu wakasema siliaki huna. Miezi ikapita damu inapungua, vidonge vya chuma havisaidii. Daktari mwingine ndiye aliyemwambia arudi kula mkate wiki kadhaa kwanza ndipo apimwe tena, na kweli ikatoka.

NesiWaZamu
Bi Mkubwa asante sana, hilo ndilo nilitaka liwe juu kabisa ya uzi huu. SILIAKI NI KITU KINGINE. Siyo IBS. Humo glutini yenyewe inafanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba, vinyweleo vya kunyonya chakula vinafutika, mtu anakosa chuma, anakonda, mifupa inadhoofu. Dunia nzima ni karibu mtu mmoja katika mia, na wanaosema ni ugonjwa wa wazungu wajue kwamba Wasaharawi wa Sahara Magharibi ni kati ya watu wenye siliaki nyingi kuliko wote waliopimwa, zaidi ya watano katika mia. Dalili zake zinaweza kufanana na IBS kabisa, gesi, kuhara, tumbo kujaa.

Kipimo ni damu, kinatafuta kingamwili zinazoitwa tTG-IgA, na inabidi wapime na IgA kwa jumla, yaani kundi zima la kingamwili za aina hiyo, kwa sababu mtu mwenye IgA chini atatoka safi kwa uongo. Na hizo kingamwili zinashuka ukiacha glutini. Kwa hiyo ANAYETAKA KUACHA NGANO APIME KWANZA, akiwa bado anakula ngano kwenye zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki sita. Ukishaacha halafu ndio unapima, majibu hayaaminiki. Mwenye siliaki anaacha maisha yote hata chembe, mwenye IBS anaweza kula nusu chapati akaendelea na kazi. Si hali moja.

MkulimaSebei
Hapo nimejifunza. Na watu wa vidonda vya tumbo? Huku kwetu kila tumbo ni alsa.

DerevaWaElegu
Alsa au taifodi. Ukiingia famasi na mkono juu ya tumbo wanakufungia Flagyl kabla hujafungua mdomo.

NesiWaZamu
Dereva umenichekesha lakini ni msiba. Kipimo cha Widal kinatoa taifodi kwa watu kibao wasio nayo, na Flagyl ikimezwa ovyo ovyo inavuruga bakteria wa tumbo ambao ndio hao hao tunawategemea. Lakini giardia, kijidudu cha tumboni, ipo kweli kwetu na inaweza kufanana na IBS, kuhara laini na gesi yenye harufu mbaya, kwa hiyo choo kipimwe vizuri, ikibidi zaidi ya mara moja. Kijana amesema kapimwa, sawa.

Ila mtu yeyote humu akiona damu kwenye choo, anakonda bila kujinyima, anaamshwa usingizini na kuhara, ana homa, ana upungufu wa damu, au tatizo limeanza akiwa ameshapita miaka hamsini, huyo asisome huu uzi, aende hospitali.

KijanaWandegeya
Mimi hakuna hata kimoja hapo, namshukuru Mungu. Basi Nesi nipe njia. Nianze wapi na hela yangu ndogo.

NesiWaZamu
Haya. Damu ya siliaki kwanza kama nilivyosema, maabara kubwa za binafsi mjini zinapokea, piga simu uulize bei kabla hujaenda.

Ukishatoka salama hapo usianze na ngano, anza na yale rahisi. Chai ya maziwa igeuze ya rangi, au maziwa yaliyoganda, bongo, laktosi yake imepungua. Kikomando badilisha, kula wali au posho (ugali) na binyebwa, mchuzi wa karanga, karanga hazina shida kwa wengi. Maharagwe ukiyataka loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, sehemu ya zile sukari inaondoka na maji, na ule kikombe kidogo si sahani. Kula kwa saa zinazoeleweka, usifunge mchana kutwa halafu ukajaze usiku. Chai na kahawa zisizidi vikombe vitatu. Ukiona umepata nafuu ya kutosha hapo, chapati yako iache na amani yake.

Kama bado, ndio unaondoa ngano NA vitunguu NA saumu kwa pamoja, wiki mbili mpaka nne, andika kwenye simu kila siku ulikula nini na tumbo lilikuwaje. Usiongeze dawa mpya wala mitishamba katikati maana utachanganya mambo. Ukipata nafuu sasa unarudisha kimoja kimoja. Chapati kavu isiyo na kitunguu na mayai, nusu siku ya kwanza, nzima siku ya pili, mbili siku ya tatu, halafu pumzika siku chache. Baadaye kitunguu peke yake kwenye wali. Hapa ndipo kesi inapokatwa, kitunguu kina fruktani na hakina glutini hata chembe. Kikikuumiza kama chapati, tatizo lako ni fruktani, basi utacheza na vipimo. Kitunguu kisipokuumiza, lakini chapati ikauma mara zote ukirudia, ngano yako ina jambo lingine, rudi kwa daktari na hayo maandishi yako.

Usikae kwenye kuacha-acha miezi na miezi. Hizo fruktani ni chakula cha bakteria wazuri, ukiziondoa moja kwa moja wanapungua. Na mjamzito, mtoto, mtu aliyekonda, hawa wasijaribu peke yao.

MwalimuJinja
Nyongeza kidogo kwa wale wanaodhani chakula chetu cha asili chote ni salama. Matoke mabichi ya kupika sawa, lakini bogoya, ndizi kubwa ya kula mbivu, iliyoiva sana fruktani yake inapanda, kula ikiwa bado ngumu kidogo. Embe na asali zina fruktosi nyingi, sukari ya matunda. Viazi vitamu vikizidi vina manitoli, sukari nyingine isiyosagika vizuri. Fenesi mimi lenyewe silisogelei, hilo ni langu binafsi. Kwa hiyo ule msemo wa AfyaBilaNgano kwamba Mwafrika hakuumbwa kula ngano haujibu kitu, embe halikuletwa na unga.

AfyaBilaNgano
Embe lililetwa kutoka India 😏

MwalimuJinja
Hapo umenipata 😂 nakubali goli.

BiMkubwaOldKampala
Na chakula bila kitunguu kitakuwa na ladha gani wanangu? Pilau bila kitunguu ni wali wa hospitali.

MpishiKisenyi
Bi Mkubwa hii naijua mimi maana nina mteja Mhindi asiyekula vipande vya kitunguu. Nachukua kitunguu kizima nakikata mara mbili tu, nakikaanga kwenye mafuta taratibu mpaka kinukie, natoa kitunguu natupa, mafuta yanabaki na ladha yote. Nesi hiyo inafaa?

NesiWaZamu
Inafaa sana, fruktani inayeyuka kwenye maji haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo inabaki ndani ya kitunguu unachotupa. Lakini ukitie kabla ya maji na nyanya, kikishaingia kwenye mchuzi imeshatoka. Na majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani, unaweza kutia, sehemu nyeupe usitie.

DerevaWaElegu
Na kabalagala? Hiyo si ni ndizi na muhogo, haina ngano. Mi nataka kitu cha barabarani.

MpishiKisenyi
Uliza kwanza, wengi siku hizi wanachanganya unga wa ngano ili ishike. Mimi natumia muhogo mtupu. Gonja, ile ndizi kubwa ya kuchoma, ndiyo haina maneno, na muhogo wa kuchoma.

KijanaWandegeya
Nimepiga simu maabara, damu naenda kutoa wiki ijayo. Kwa hiyo Nesi mpaka siku hiyo naendelea na chapati kama kawaida?

NesiWaZamu
Kama kawaida, umeshakula kila siku miezi yote hii kwa hiyo majibu yataaminika. Chai ya maziwa na maharagwe unaweza kupunguza kuanzia leo, hivyo havigusi kipimo.

AfyaBilaNgano
Kijana ukipata majibu lete hapa. Na hiyo ya kitunguu ntajaribu na mimi, lakini chapati sirudii.